Barua ya Wazi: Behewa la Kima Lisiozee Mikononi Mwenu

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Turathi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu na Bodi ya Shirika la Reli la Kenya,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya behewa moja la mbao. Liko katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, karibu na stesheni kuu, na nambari yake ni 12. Lilikuwa behewa la maafisa wa iliyokuwa Reli ya Uganda. Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani yake akamkamata Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, akatoka naye dirishani. Naomba behewa hili litangazwe kuwa kitu kinacholindwa na sheria, lipewe banda la kudumu linalofaa mbao za umri wake, kisha likarabatiwe na mafundi wa Kenya kwa namna isiyofuta historia iliyomo. Naomba haya yafanyike mapema, kabla ardhi inayolizunguka haijaanza kujengwa upya.

Sijatumwa na chama wala kampuni yoyote. Baba yangu alikuwa seremala katika karakana ya mabehewa, nami nimekulia katika nyumba za reli, ambako king'ora cha karakana kilijulisha kila mlango saa ya kuamka na saa ya kurudi nyumbani. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuona mbao za behewa zikipasuka akapita kimya.

Nianze na behewa lenyewe, kwa sababu wengi wanajua kisa cha simba kuliko wanavyojua gari.

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Ulifika hapa Nairobi tarehe 30 Mei 1899, mahali palipokuwa kinamasi cha kunyweshea mifugo, na ukafika ziwani, Kisumu ya leo, Desemba 1901. Njia ilikuwa ya upana wa mita moja. Waliletwa wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi kwa magonjwa na ajali. Katika miaka hiyo afisa aliyesafiri kukagua njia hakuwa na hoteli ya kulala. Behewa ndilo lililokuwa ofisi yake, mahali pake pa kulia na pa kulala. Likifika stesheni lilikatwa kutoka kwenye treni, likasukumwa njia ya pembeni, na mwenyewe akalala humo hadi kazi iishe.

Ndivyo ilivyokuwa Kima. Ryall alikuwa akielekea Nairobi pamoja na wenzake wawili, Huebner, Mjerumani, na Parenti, Mwitaliano. Wakaambiwa kuna simba mla watu anayeizunguka stesheni, wakaamua kulala pale wamvizie. Njia ya pembeni waliyowekwa ilikuwa haijakamilika kusawazishwa, kwa hiyo gari lilisimama likiwa limeinama upande mmoja. Ryall akashika zamu ya kwanza. Huebner akapanda kitanda cha juu, Parenti akajilaza sakafuni. Usiku ulipokwenda sana Ryall naye akajinyoosha kwenye kitanda cha chini. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma. Uzito wake ukaliinamisha gari zaidi, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake.

Sasa wote wakawa wamefungiwa pamoja. Simba alikuwa amemkanyaga Parenti kwa miguu ya nyuma huku akimshika Ryall. Huebner aliruka kutoka juu, akamkanyaga simba mgongoni, akaukimbilia mlango wa pili ulioelekea chumba cha watumishi. Mlango huo ulikuwa umeshikiliwa kwa upande wa pili. Vibarua waliokuwa mle walikuwa wameukaza kwa vilemba vyao ili usifunguke. Huebner alisukuma hadi akapata mwanya wa kupenya, nao wakaukaza tena. Simba akavunja dirisha akatoka na Ryall kuelekea porini. Parenti akarukia dirisha la upande mwingine. Asubuhi mabaki ya Ryall yalipatikana porini, yakaletwa Nairobi, na kaburi lake liko hapa hadi leo. Baadaye simba yule alinaswa kwenye mtego, akaonyeshwa watu kwa siku chache, kisha akapigwa risasi.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila sehemu yake imo katika useremala wa gari. Ukitaka kujua kwa nini Ryall alikufa, unaangalia mlango wa kusukuma na reli yake ndogo. Ukitaka kujua kwa nini wawili waliokoka, unaangalia ukuta wa mbao unaotenganisha vyumba, upana wa dirisha, na nafasi kati ya kitanda cha juu na sakafu. Hakuna ukurasa wa kitabu unaoweza kumfanya mtoto wa shule aelewe ufinyu ule. Lakini ataelewa mara moja akisimama kando ya behewa lenyewe, mradi liwe bado ni behewa lile, lisiwe limegeuka mfano wake uliojengwa kwa mbao mpya na kupakwa rangi ya kung'aa.

Na kuna jambo jingine ambalo limenisumbua tangu ujana wangu. Ryall, Huebner na Parenti tunawajua kwa majina. Waliokuwa nyuma ya mlango wa pili hawatajwi kwa majina katika simulizi zinazojulikana. Wamebaki kuwa ni vibarua tu, kana kwamba walikuwa sehemu ya fanicha. Walikuwa watu, tena ndio waliofanya uamuzi mgumu kuliko wote usiku ule, wa kuushikilia mlango. Behewa hili lina vyumba viwili, na ukarabati wa haki lazima urejeshe vyote viwili. Chumba cha afisa kisipewe godoro na taa huku chumba cha watumishi kikigeuzwa kabati la kuwekea mifagio. Kama hakuna anayejua kilivyokuwa ndani, basi kiachwe wazi kama kilivyo, na ubao uwaeleze wageni kwa nini kiko wazi. Kwangu mimi chumba hicho ndicho chenye thamani kubwa zaidi katika makumbusho yote.

Waheshimiwa, simba wawili wa Tsavo waliowatesa wajenzi wa daraja mwaka 1898 hawako nchini. Ngozi zao na mafuvu yao yaliuzwa katika miaka ya 1920 kwa makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, na hadi leo Mkenya anayetaka kuwaona anahitaji viza. Behewa la Kima halikuondoka. Liko kwetu, ni letu, na wa kulilinda ni ninyi. Hatuwezi kuulaumu ukoloni kwa kuondoka na simba ikiwa kilichobaki tunakiacha kiliwe na mchwa.

Sasa nije kwenye sheria, na hapa ninawalenga hasa Waziri wa Turathi na Makumbusho ya Kitaifa.

Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inavihesabu kuwa vitu vya kale vile vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Reli yetu ilianza 1896. Mwaka mmoja tu umeyatupa nje magari yote ya reli, na injini zake zote, kwa hesabu ya umri peke yake. Sheria hiyo hiyo inaulinda mlango wa kuchongwa wa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki uliotengenezwa kabla ya 1946, na inafanya vyema, kwani milango ya Lamu na Mombasa ingekuwa imekwisha kuuzwa yote ng'ambo. Lakini mlango wa kusukuma wa behewa la Kima, ulioshuhudia kisa kinachosimuliwa dunia nzima, haumo.

Dawa ipo ndani ya sheria yenyewe, wala haihitaji kwenda Bungeni. Waziri, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Kitaifa, anaweza kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba kitu fulani chenye maana ya kihistoria au kiutamaduni ni kitu kinacholindwa. Ni tangazo la aya chache. Likishatoka, hakuna atakayeweza kulihamisha, kulibadilisha wala kuliuza behewa hili kwa barua ya ndani ya ofisi. Ningependa kuona tangazo hilo likitaja pia injini na magari mengine ya mkusanyo ule, lakini kama lazima mwanzo uwe mmoja, uwe hili.

Sheria italizuia behewa lisiibwe, ila haitazuia mvua. Sehemu kubwa ya mkusanyo wa Makumbusho ya Reli huishi nje. Chuma kizito kinaweza kuvumilia kwa muda, japo nacho huliwa. Mbao haivumilii. Jua la Nairobi huikausha ikapasuka, mvua za masika huingia kwenye mpasuko, maji hukaa pale penye maungio, kisha ukungu na mchwa humalizia kazi. Baba yangu alikuwa na desturi ya kuanza kila ukaguzi wa behewa kwa kugonga pembe za chini kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Sauti ikiwa imezibika alijua kuoza kumeanza kwa ndani hata kama rangi ya nje ni nzuri. Katika magari ya mbao kuoza huanzia mahali panne: ukingo wa paa, chini ya madirisha, nguzo za milango, na mhimili wa chini ambamo ukuta unakutana na fremu ya chuma. Hapo ndipo pa kuchunguzwa kwanza.

Kwa hiyo banda litangulie ukarabati. Liwe na paa pana lenye kingo zilizoshuka, sakafu iliyoinuka na yenye mifereji, na pande zinazopitisha hewa lakini zikizuia jua la moja kwa moja. Lisiwe sanduku la vioo. Kioo kwenye jua la Nairobi kitageuza mahali pale kuwa tanuri, na mbao itateseka kuliko ilivyoteseka nje. Banda la namna hiyo halihitaji mkandarasi kutoka mbali. Shirika la Reli limejenga mabanda ya magari kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ndipo ifuate kazi yenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nia njema huharibu vitu. Katika ofisi nyingi za umma, kukarabati maana yake ni kupaka rangi mgeni mkubwa anapokaribia. Behewa hili lisipakwe chochote kabla halijachunguzwa. Rangi za zamani ni kumbukumbu. Fundi anachagua sehemu iliyofichika, mathalani nyuma ya kitasa au chini ya kibao cha dirisha, na kuichonga polepole kwa kisu chembamba hadi tabaka zote zionekane moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa ile iliyopakwa na mjenzi. Hapo unaweza kusema kwa ushahidi gari lilikuwa na rangi gani mwaka 1900. Ukilipiga msasa lote kwanza umeuchoma ushahidi huo, tena umewatia mafundi hatarini, kwa maana rangi za enzi hizo mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Kazi hiyo inahitaji barakoa za kufaa, maji ya kuzuia vumbi, na mahali pa kukusanyia mabaki.

Vilevile kila kipande kipimwe, kipigwe picha na kuchorwa kabla hakijaguswa. Tujue mlango uliopo sasa ni wa wakati wa Ryall au uliwekwa baadaye. Tujue vitanda ni vya asili au ni vya matengenezo ya miaka ya 1920 au 1950. Gari la reli hutengenezwa mara nyingi katika uhai wake, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Aibu ni kumwambia mgeni kwamba anaangalia mbao za 1900 wakati sivyo. Pale mbao ilipooza, isiondolewe ubao mzima ikiwa ncha tu ndiyo mbovu. Fundi mzuri hukata kilichooza, akachonga kiungo cha mshazari, akaunganisha kipande kipya cha mti wa aina ileile, kisha akapiga muhuri wa mwaka upande usioonekana ili atakayekuja baada ya miaka 50 ajue kipi ni kipi. Kama mbao ya asili ni msaji, kitafutwe kipande cha msaji. Kisitiwe kiraka cha plaiwudi na kufunikwa kwa rangi.

Behewa hili lisirudishwe kwenye mwendo. Nalisema hili nikijua kuna watakaotaka kulivuta nyuma ya injini siku ya uzinduzi ili picha zipendeze. Mtikisiko wa safari moja unaweza kufungua maungio yaliyodumu miaka 120. Lisimame, na magurudumu yake yalainishwe tu kiasi cha kulisogeza ndani ya banda. Kwa safari za wageni yapo mabehewa ya miaka ya baadaye, na njia ya mita moja bado ni hai: treni ya abiria ilirudi Nanyuki mwaka 2020 na Kisumu mwaka 2021. Behewa moja la zamani lililotengenezwa vizuri, likiongezwa mwishoni mwa treni hizo mara moja moja, lingeweza kuchangia gharama za kuyatunza yale yasiyotembea.

Labda mtaniuliza kama watu wengine wamewahi kujisumbua hivi kwa ajili ya gari moja. Marekani ilikuwa na mtandao mkubwa wa treni za umeme zilizounganisha mji na mji, za gari moja au mawili, zikipita kando ya mashamba na kuingia hadi katikati ya barabara za mjini. Magari ya kawaida na mabasi yaliziua katika muda wa kizazi kimoja. Magari yake yaliuzwa kwa bei ya kutupa, mengine yakawa vibanda vya kuku, mengine mikahawa ya kando ya njia. Mwaka 1939 vijana wachache walinunua tramu moja, yaani gari la reli ya mjini, nambari 31 ya jimbo la Maine, kwa dola 150, na kutoka kwenye gari hilo likazaliwa Seashore Trolley Museum. Gari nambari 65 la Indiana Railroad, lililotengenezwa mwaka 1931, lilipoteza kazi kampuni yake ilipokufa mwaka 1941, likauzwa Iowa, likafanya kazi huko hadi 1953. Mwaka huo watu kumi walichanga dola mia mia ili lisikatwe chuma chakavu. Mchango ule ndio mwanzo wa Illinois Railway Museum, ambayo leo ni miongoni mwa makumbusho makubwa ya reli duniani, na gari 65 limo humo.

Watu wale hawakuwa na wizara, wala shirika, wala karakana. Walikuwa na Jumamosi zao. Sisi behewa tunalo tayari, hakuna wa kuuziwa. Tunayo makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1971. Tunazo karakana, chuo cha reli na njia inayofanya kazi. Kilichokosekana ni agizo lenye sahihi.

Na msidhani ujuzi haupo. Injini nambari 5918, inayoitwa Mount Gelai kwa jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania, ni moja kati ya 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer, Peacock mjini Manchester kati ya 1955 na 1956. Ina uzito wa tani 252, na hakuna injini za mvuke za njia ya mita moja zilizopata kuwa na nguvu kuzishinda hizo. Ilikaa makumbushoni miaka mingi baada ya kustaafu, kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 mafundi wa hapa hapa Nairobi wakaitia moto, ikatembea tena. Waliofufua mtambo wa namna ile hawatashindwa na milango na madirisha.

Tatizo ni umri wao. Waliojifunza useremala wa mabehewa enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977, sasa ni wazee. Wengine wako Makongeni, wengine wamerudi Kisumu, Voi, Nakuru, Taita. Wengi wangekuja mkiwaita, hata kwa nauli na chakula cha mchana, kwa sababu hakuna aliyewauliza chochote tangu siku walipokabidhi vifaa. Wakae na vijana wa chuo cha reli na wa vyuo vya ufundi. Mzee mmoja na vijana wawili kwenye mlango mmoja: huyo anaonyesha, hao wanashika randa. Kazi ya behewa 12 ikifanywa hivyo, nchi itabaki na behewa na mafundi pia. Ikipewa kampuni yenye zabuni ya bei nafuu, tutabaki na risiti. Wazee hawa pia ndio wanaojua michoro ya karakana ilihifadhiwa wapi. Naomba wahojiwe na maneno yao yarekodiwe kwa sauti, kwa Kiswahili, katika lugha yenyewe ya karakana.

Kuna sababu ya haraka. Mradi wa Nairobi Railway City, uliozinduliwa Desemba 2022, unakusudia kuujenga upya ukanda wa ekari 425 kuzunguka stesheni kuu, na Makumbusho ya Reli yamo katika ukanda huo. Sipingi mradi. Wasafiri wanaosongamana pale jioni wanastahili stesheni ya heshima. Ila nimeona mara nyingi katika mji huu jinsi kitu cha kale kinavyopotea wakati wa ujenzi bila mtu yeyote kukusudia kukiangamiza: kinasogezwa kwa muda kupisha matingatinga, kinawekwa mahali pasipo mlinzi, kipande kinang'olewa, na ujenzi unapokwisha hakuna anayekumbuka kilitoka wapi. Behewa la mbao likiinuliwa vibaya kwa kreni mara moja, limevunjika mgongo. Kwa hiyo naomba ramani za mradi zinazowekwa mbele ya umma zionyeshe banda la magari ya kale lilipo, na mkataba wa mkandarasi useme wazi kwamba hakuna gari la makumbusho litakaloguswa bila msimamizi wa makumbusho kusimama pale.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha, na kwamba kuna hospitali zisizo na dawa. Ni kweli, na mimi ni miongoni mwa wanaopanga foleni katika hospitali hizo. Lakini tangazo la Gazeti Rasmi halinunuliwi. Uchunguzi na upigaji picha unaweza kufanywa na wafanyakazi waliopo. Banda ni bati, chuma na saruji. Ukarabati wenyewe ni kazi ya mikono na muda, na unaweza kwenda polepole, chumba baada ya chumba, huku wageni wakilipa kiingilio kuja kuutazama. Mtu hufurahia zaidi kumwona fundi akichonga nguzo ya mlango kuliko kusoma kibao kilichofifia. Uingereza nayo, inayoshirikiana nasi katika Railway City, inaweza kuombwa itafute michoro na nyaraka za magari ya Reli ya Uganda katika hifadhi zake na kutupatia nakala. Hilo lingekuwa ombi la kawaida kabisa kati ya serikali mbili.

Naomba basi majibu ya hadharani, kutoka kwa kila ofisi kwa sehemu yake. Waziri wa Turathi atuambie kama yuko tayari kulitangaza behewa nambari 12 kuwa kitu kinacholindwa, na kama hayuko tayari, sababu ni ipi. Shirika la Reli litueleze behewa lina hali gani leo, nani alilikagua mara ya mwisho, na banda litajengwa lini. Makumbusho ya Kitaifa yamteue mhifadhi mmoja atakayewajibika kwa kazi hii na ambaye wananchi wanaweza kumwandikia. Waziri wa Uchukuzi aagize mahali pa makumbusho paonyeshwe katika ramani za Railway City kabla kazi za eneo lile hazijaanza.

Mvua zijazo za masika zisilikute behewa hili bila paa la kufaa. Kama kuna lililokwisha kufanywa ambalo sisi wa nje hatujaelezwa, tuelezeni, nami nitakuwa wa kwanza kuwashukuru kwa maandishi. Kama mnahitaji orodha ya mafundi wastaafu walio tayari kuja, nitazunguka nyumba kwa nyumba kuikusanya na kuiwasilisha kwa mkono katika ofisi mtakayoitaja.

Wenu,
Mtoto wa seremala wa karakana ya mabehewa,
Nairobi.